Mamajusi Walipofika Mbulumbulu

Nilipokuwa mtoto nilijua kwa hakika kwamba Mamajusi walikuwa wanawake. Jina lilijieleza lenyewe: mama, halafu Jusi. Kwa hiyo katika igizo la mkesha wa Krismasi, sisi watoto wa Mbulumbulu tuliteua wasichana watatu warefu, tukawafunga vitenge kichwani na kuwakabidhi kila mmoja kibuyu chake. Mwalimu wa kwaya alitutazama akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatueleza kwamba hao walikuwa wanaume, wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Hatukumwamini. Tungewezaje kumwamini, na sisi tulikuwa tumewaimba tangu tujifunze kusema?

Baadaye nilijifunza kwamba neno hilo limesafiri zaidi hata ya Mamajusi wenyewe. Waajemi wa kale walikuwa na jina la makuhani wao, Wagiriki wakalichukua, Waarabu wakalifanya *majus*, watu wa pwani yetu wakawaita majusi wale waabuduo moto, na wafasiri wa Biblia wakaongeza *ma-* ya wingi. Lilipopanda ukingo wa Bonde la Ufa likafika kwetu, nchi ya ngano na shayiri iliyobanwa kati ya genge la Manyara na msitu wa Ngorongoro, lilikuwa limeshapata mama. Wala hakuna aliyedanganya njiani.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu kila Desemba huzuka watu wa kutufumbulia siri za nyimbo za Krismasi. Wimbo huu una fumbo, ule ni lugha ya wapiganaji wa chinichini. Mfano unaopendwa kuliko yote ni ule wimbo wa Kiingereza wa zawadi za siku 12, unaoanza na kwale juu ya mti wa mpea. Ulichapishwa London mwaka 1780 katika kitabu cha watoto, na ulikuwa mchezo wa kumbukumbu: anayesahau zawadi moja anatozwa faini. Mwaka 1979 Mkanada Hugh McKellar alieneza maelezo kwamba Wakatoliki wa Uingereza, walipokuwa wakiteswa, waliufanya katekisimu ya siri. Kwale ni Kristo, ndege wanne ni Injili nne, wale kumi ni Amri Kumi. Maelezo hayo yanavutia, ila yana tundu. Injili nne na Amri Kumi Waanglikana nao walizifundisha hadharani kila Jumapili. Nani ataficha kitu ambacho mtesi wake anakitangaza mimbarani? Wapo pia wasemao mti wenyewe ulizaliwa na masikio mabaya, kwamba jina la Kifaransa la kwale, *perdrix*, lilisikika kwa Waingereza kama jina la mpea. Hao nawaelewa vizuri. Ni ndugu zangu wa Mama Jusi. Tena kwale wetu hawana haja ya mpea. Wanakimbia chini, kwenye mistari ya mahindi.

*Adeste Fideles*, ule wa kuwaita waaminifu waende Bethlehemu, una kesi yenye uzito zaidi. Maandishi yake ya zamani yametoka mkononi mwa John Francis Wade, Mwingereza Mkatoliki aliyeishi Douai, Ufaransa, katikati ya karne ya 18, akijipatia riziki kwa kunakili muziki wa kanisa. Mwaka 2008 Bennett Zon wa Chuo Kikuu cha Durham alidai kwamba waaminifu wanaoitwa ni wafuasi wa ukoo wa Stuart ulionyang'anywa kiti cha Uingereza, na kwamba Mfalme wa malaika ni mchezo wa maneno, kwani kwa Kilatini *angelorum*, wa malaika, na *Anglorum*, wa Waingereza, yamepishana herufi moja tu. Mchezo huo ulikuwa mkongwe. Papa Gregori Mkuu anasimuliwa kuwa aliutumia mbele ya watoto watumwa wa Kiingereza sokoni Roma. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart alishuka kweli na jeshi lake kukidai kiti hicho, mwaka uliofuata akashindwa. Iwe Wade alikusudia hivyo au la, Kiswahili kiliumaliza ugomvi. Malaika kwetu ni neno la Kiarabu, na hata ukiligeuza vipi halitakupa Mwingereza.

Mimi naona mafumbo ya kweli hayako kwenye siri za watunzi. Yako njiani, pale wimbo ulipoacha mzigo mmoja na kuokota mwingine. Chukua ule wa furaha kwa ulimwengu, ambao pasipo huo mkesha haujawa mkesha. Isaac Watts aliutoa mwaka 1719, katika kitabu chake cha Zaburi zilizosemwa upya kwa lugha ya Agano Jipya. Ni Zaburi ya 98. Humo hamna Mariamu, hamna hori, nyota wala mchunga kondoo, kwa sababu Watts alikuwa akiimba kuhusu Kristo atakaporudi kutawala. Ni wimbo wa mwisho wa dunia ulioangukia kwenye sikukuu ya mtoto mchanga, na ukakaa.

Au ule wa malaika watangazao, wa Charles Wesley, wa mwaka 1739. Mtunzi alianza kwa kuzitaja mbingu zikivuma. Rafiki yake George Whitefield ndiye aliyeingiza malaika mwaka 1753, na Wesley hakupendezwa na watu kumchokonolea mashairi. Tuni tunayoijua ilikuja karne moja baadaye. Felix Mendelssohn aliitunga mwaka 1840 kwa sherehe za Leipzig za kutimiza miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, na yeye mwenyewe alimwandikia mchapishaji wake Mwingereza kwamba haitafaa kabisa kwa maneno ya dini. Alipokwisha kufa, mpiga kinanda William Cummings akaiunganisha na maneno ya Wesley, mwaka 1855. Leipzig hiyohiyo ndiyo iliyoleta wamisionari wa Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo wimbo wa kusifia mashine ya kuchapa na watu waliobeba vitabu vilivyochapwa vilitoka mji mmoja, vikafika kaskazini mwetu kwa njia tofauti.

Martin Luther mwenyewe hakuona aibu kuokota njiani. Wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1535, wa beti 15, unadhaniwa aliwaandalia watoto wake, na ubeti wa kwanza aliujenga juu ya wimbo wa mchezo. Katika mchezo huo mgeni aliingia katikati ya vijana akidai kwamba anatoka nchi za mbali na ana habari nyingi. Kisha alitega kitendawili, na msichana aliyeshindwa kukitegua alimwachia shada lake la maua. Luther alimwondoa kijana akamweka malaika, akaiacha hata tuni ileile, mpaka mwaka 1539 alipoweka nyingine yenye heshima zaidi. Waliouimba miaka ya kwanza walikuwa wakisikia nyuma ya malaika sauti ya kijana anayetafuta mchumba. Ukiuimba leo kwa Kiswahili, kitendawili hakipo. Na hapa nasikitika kidogo, maana sisi ndio watu ambao tungejua la kufanya nacho.

Ule wa waridi lililochipuka una utata uliogawa makanisa. Ulichapishwa na Wakatoliki wa Speyer mwaka 1599, ukitokana na unabii wa Isaya juu ya chipukizi la shina la Yese. Kwao waridi lilikuwa Mariamu. Mwaka 1609 Michael Praetorius, Mlutheri, alibadili maneno machache tu, Mariamu akawa ndiye aliyelileta waridi, na waridi likawa Yesu. Katika wilaya ya Karatu, ambako mapadre Wapallotti na Walutheri walijenga makanisa ya kutazamana, majirani wanaweza kusimama kwenye ua mmoja wakaimba tuni hiyo pamoja, kila mtu na waridi lake.

Wimbo wa usiku mtulivu, ule wa Oberndorf nchini Austria, ndio nitakaokaa nao kidogo. Joseph Mohr, padre kijana, aliandika shairi hilo mwaka 1816 huko Mariapfarr. Vita vya Napoleon vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, eneo la Salzburg lilikuwa limepitishwa mikononi mwa watawala mmoja baada ya mwingine, na mwaka huo jua liligoma. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka 1815, na mlipuko huo ukaleta baridi na njaa sehemu kubwa ya Ulaya. (Sisi tulao ngano iliyoota kwenye majivu ya milima ya Ngorongoro tunajua mlima ukilipuka mtu fulani hufaidi, ila si mwaka uleule.) Tarehe 24 Desemba 1818 Franz Xaver Gruber aliupatia tuni, wakauimba wawili kwa gitaa. Hadithi kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walitafuna kinanda ilitiwa baadaye na wapenda hadithi.

Shairi lilikuwa na beti sita, na dunia nzima huimba tatu. Kati ya zilizoachwa upo ubeti wa nne, unaomwonyesha Yesu akiwakumbatia kama ndugu mataifa yote ya dunia. Kwa watu waliotoka vitani, nadhani huo ndio uliokuwa moyo wa shairi. Ulipoondolewa, wimbo wa amani baina ya mataifa ukabaki wimbo wa kubembelezea mtoto.

Na wimbo huo ulikuwa jirani yetu mapema. Oldeani, magharibi ya Karatu, ilikuwa makazi ya walowezi Wajerumani waliolima kahawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Sioni Mjerumani wa Desemba ya Oldeani akiacha kuuimba, wala sioni mfanyakazi wa kabila la Wairaqw aliyekuwa uani akiacha kuusikia. Septemba 1939 vita vilipoanza, Waingereza waliwakamata Wajerumani hao na kuwaweka kizuizini, mashamba yakawa mali ya adui. Ubeti wa nne ungewafaa wote siku hiyo, lakini ulikuwa umesahauliwa kitambo.

Pwani nyimbo hizo zilitua juu ya jeraha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana liliwekwa palepale sokoni, Mkunazini. Edward Steere, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi alipokuwa askofu, ndiye pia aliyekuwa mwalimu mkuu wa Kiswahili cha maandishi wakati huo. Nawawaza watu waliokombolewa majahazini wakifundishwa kuimba juu ya mtoto ajaye kuwafungua waliofungwa. Mzungu wa London aliimba maneno kama hayo akiwaza dhambi zake. Aliyesimama Mkunazini alikuwa na alama kwenye kifundo cha mguu. Ulaya yenyewe wimbo mmoja tu maarufu ulithubutu kulisema jambo hilo waziwazi: ule wa Kifaransa wa mwaka 1847, maneno ya mfanyabiashara wa mvinyo Placide Cappeau na muziki wa Adolphe Adam, ambamo ubeti wa mwisho unamwona ndugu pale palipokuwa na mtumwa. Mwaka uliofuata Ufaransa ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa wameshafika Bagamoyo mwaka 1868 na wao wakanunua watumwa ili wawaweke huru. Nadhani ni kwa mkondo huo Wakatoliki wetu wana Noeli, neno la Kifaransa lenye mzizi wa Kilatini wa kuzaliwa, na wengine tuna Krismasi ya Waingereza. Ukitaka kujua mtu wa Karatu alibatizwa wapi usimuulize. Ngoja akutakie heri mwezi Desemba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wafasiri wanalijua na waumini wanalisikia bila kulitaja. Kijerumani husema usiku kwa silabi moja. Sisi tunahitaji tatu. Upendo, mwokozi, malaika, ulimwengu: tuni ikisha kujaa maneno manne hivi, ubeti umekwisha. Mfasiri alilazimika kutupa karibu nusu ya kilichosemwa, na alichobakiza ndicho kilichokuwa theolojia yetu. Halafu kuna mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni za kaskazini hupenda kumalizia mstari kwa kishindo kwenye noti ya mwisho. Ndiyo maana kanisani tunaimba mwokoZI, duniaNI, leO, kwa sauti ambayo mtu akiitumia sokoni tutadhani ni mgonjwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo lahaja ya mbinguni.

Bibi yangu hakuijali lahaja hiyo. Yeye alikuwa wa kizazi kilichotoka kusini, Kainam na maeneo ya jirani, kutafuta malisho na ardhi mpya Mbulumbulu, na Kiswahili alikijua cha kumtosha dukani. Nyimbo alizisikiliza kwa kudokoa neno moja moja. Usiku mmoja tulikuwa tukiimba juu ya mtoto aliyelazwa mahali pa kulia ng'ombe, kwa ile sauti ya huruma tuliyofundishwa, akauliza tunamlilia nani. Tukamweleza: Yesu alizaliwa wanakolala ng'ombe. Akasema, "Kumbe alizaliwa nyumbani."

Nyumba ya Wairaqw ya zamani, ile iliyochimbiwa kwenye mteremko na kuezekwa udongo, ilikuwa ya watu na mifugo. Ng'ombe walilala ndani, joto lao likawa blanketi la wote, na katika baridi ya nyanda hizi mtoto mchanga aliwekwa karibu nao kwa kuwa hapo ndipo pema. Huruma ya nyimbo za Ulaya inategemea zizi lililo mbali na nyumba. Bila ukuta huo katikati, kilio hakina mahali pa kushika.

Miaka mingi nililitunza neno lake kama kichekesho cha familia. Kisha nikasoma walichoandika wataalamu wa Agano Jipya. Luka anaposema hapakuwa na nafasi, neno lake la Kigiriki ni *kataluma*, na ni hilohilo analolitumia katika sura ya 22 kwa chumba cha wageni ambamo Yesu alikula karamu ya mwisho. Alipotaka kutaja nyumba ya wageni ya kulipia, kwenye mfano wa Msamaria mwema, alitumia neno jingine, *pandocheion*. Na nyumba za wakulima wa Palestina, kama alivyoeleza Kenneth Bailey aliyefundisha Mashariki ya Kati kwa miaka mingi, zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, familia juu kidogo na mifugo chini, hori zikiwa zimechimbwa mpakani. Chumba cha wageni kilijaa, mzazi akapelekwa walipolala wenyeji. Mwenye gesti aliyewafukuza, ambaye kwenye maigizo yetu hupewa mvulana mnene mwenye sauti, hayumo kwa Luka hata kwa neno moja. Nyimbo za Ulaya zilimwumba, na bibi asiyejua kusoma akamfuta.

Neno wachungaji nalo lilitufanyia vituko. Walutheri tunamwita mchungaji yule avaaye kanzu nyeusi, kwa hiyo kila tulipoimba kwamba wachungaji walikuwa kondeni usiku, sisi watoto tulimgeukia aliyekaa mbele tukamwonea huruma kwa baridi. Wachunga mbuzi halisi wa Mbulumbulu walikuwa sisi wenyewe, wavulana wa miaka minane. Hakuna aliyetuambia kwamba malaika alitumwa kwa watu kama sisi. Manemane tulidhani ni nambari.

Jua pia halikukubali tafsiri. Tarehe 25 Desemba imeandikwa katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na kule kaskazini huwa ni siku chache baada ya usiku mrefu kuliko yote, ndiyo maana nyimbo zao zimejaa nuru inayopenya giza. Mbulumbulu iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Desemba kwetu mchana ndio mrefu, na mvua za vuli zimegeuza kila kitu kijani. Lakini Wairaqw walikuwa na la kwao juu ya nuru. Mungu, Looaa, ni jina la jinsia ya kike linalofungamana na jua, na wazee walimsema kama mama. Kristo akiitwa nuru katika nyanda hizi, nuru hiyo ina mama kwa maana ambayo Praetorius hakuifikiria alipokuwa akihamisha waridi.

Miaka ya 1960 milango ilifunguka kutoka ndani. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyoruhusu lugha na muziki wa wenyeji, na mwaka huohuo padre Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Makumira, karibu na Arusha, Howard Olson alikusanya tuni za makabila kutoka kwa wanafunzi wake wa theolojia na kuzitilia maneno ya Kikristo. Uliovuma duniani kote ni wa Bernard Kyamanywa wa Bukoba, wa mwaka 1966, kwa tuni ya Kihaya. Nao ni wa Pasaka. Krismasi ilibaki ngome ya Wajerumani na Waingereza. Nadhani watu wako tayari kubadili mengi kanisani, ila si wimbo waliouimba walipokuwa wakisubiri nguo mpya na pilau.

Wairaqw hawakukosa cha kuleta. Wana *slufay*, ile sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka kwa kasi, akitaja njia, mvua, mifugo na watoto, na kila anapovuta pumzi watu wote hujibu kwa pamoja. Maarten Mous wa Leiden, aliyeandika sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, ni mmoja wa wataalamu walioichunguza sanaa hiyo. Haina tuni ya kugombana na mkazo. Kila neno hukaa linapokaa likisemwa nyumbani.

Mwaka juzi nilirudi kwa mkesha. Ukungu wa msituni ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha, vijana walikuwa na kinanda cha umeme chenye ngoma za kutosha sherehe tatu, na waliimba Oberndorf kwa mwendo wa kuruka. Mamajusi waliingia. Wawili walikuwa wavulana wenye ndevu za pamba. Wa tatu alikuwa msichana mrefu mwenye kitenge kichwani, na mwalimu wa kwaya hakusema kitu. Tulipotoka, mzee mmoja alisimama mlangoni akaanza slufay, akaomba mvua isizidi na ng'ombe walale salama na mtoto akue. Nilikuwa nimesahau pa kuitikia. Bibi mmoja nyuma yangu alinisukuma kwa fimbo mgongoni, mahali penyewe kabisa.